Somo: Busta ya breki kwa FJ40 inayotoka dramu kwenda diski, pima vakyumu kabla hujatoa hela

Wakuu, FJ40 (Toyota Land Cruiser zile fupi za zamani) za miaka ya 60 na mwanzo wa 70 zilikuja na dramu miguu yote minne, siku hizi wengi tunaweka diski mbele kwa vifaa vya FJ60, Land Cruiser ya miaka ya 80. Ukishafunga tu unashangaa pedeli imekuwa ngumu balaa. Sababu ni kwamba dramu ikizunguka inaivuta breki shuu ijibane yenyewe, diski haina huo msaada, nguvu yote inatoka kwenye mguu wako. Hapo ndo busta inapoingia, lile bakuli linalotumia vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kuongezea nguvu mguu wako, na hapo ndo watu wanakimbilia kubwa kuliko zote.

Hatua ya 1, pima vakyumu. Azima geji kwa fundi, chomeka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, injini ipate moto iwe sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Injini ya petroli yenye afya ukiwa Dar au Mombasa inasoma kama inchi 18 hadi 20 za zebaki (ndo kipimo cha geji), ila kila ukipanda mita 300 unapoteza karibu inchi 1, kwa hiyo injini ileile ukiifikisha Nairobi inasoma 13 au 14 na haina ubovu wowote! Hili halisemwi dukani. Piga hesabu: busta yenye kipenyo cha inchi 9 kwenye vakyumu ya 18 inasukuma kama kilo 250, ishushe hadi 12 unabaki na 170 hivi, yaani umenunua kubwa unapata kazi ya ndogo.

Hatua ya 2, saizi. Ukiwa na vakyumu ya 17 kwenda juu, busta ya inchi 9 ya dayaframu moja (ile ngozi ya mpira ndani ya busta) inatosha kabisa. Ukiwa na 14 au 15, au nafasi ni finyu, chukua inchi 8 ya dayaframu mbili, inasukuma kuliko 9 ya moja. Inchi 7 ya moja mimi siipendekezi kwa gari zito hivi.

Hatua ya 3, pedeli. Pima toka pini ya juu hadi katikati ya pale unapokanyaga, gawa kwa umbali wa toka pini hiyohiyo hadi fimbo ya kusukuma. Bila busta huwa ni kama 6, ukiweka busta unataka 4 hivi, la sivyo ukigusa kidogo tu gari inakita.

Hatua ya 4, masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki. Masta ya dramu ina kivalvu kinachobakiza presha kidogo kwenye paipu, kwa diski hakifai, pedi zitasugua muda wote. Weka masta ya diski.

Hatua ya 5, fimbo kati ya busta na masta, na hapa naomba msome taratibu. Iache pengo dogo sana, nusu milimita au pungufu. Yangu iliachwa ndefu kidogo na fundi wa kwanza, nikashuka Lushoto kwenda Mombo, mafuta hayarudi kwenye masta, breki zikawa zinajibana zenyewe mpaka magurudumu yanatoa moshi na familia ipo ndani. Hicho kipimo usimwachie mtu, simama hapohapo.

Ukimaliza zima injini, kanyaga mara tano, shikilia, washa. Pedeli ikizama kidogo busta inafanya kazi.

MASWALI

Swali: Mkuu yangu ni BJ40 ya dizeli, vakyumu naitoa wapi?
Jibu: Usitegemee manifoldi kaka. Tafuta alteneta yenye pampu ya vakyumu nyuma yake, na hakikisha paipu ya oili ya hiyo pampu haijaziba.

Swali: Kemshafti yangu (shafti inayofungua valvu za injini) ni kali, nasoma 11, nikiweka tanki la vakyumu itapanda?
Jibu: Haipandi, tanki linatunza tu kilichopo, litakusaidia ukikanyaga mara mbili tatu mfululizo. Kwa 11 weka pampu ya umeme.

Swali: Nimepata busta ya mtumba, naijuaje kama nzima?
Jibu: Fungua masta, ingiza kidole chini kwenye busta. Ukikuta mafuta ya breki iache, masta ilikuwa inavujia ndani na dayaframu imeshaliwa. Ikiwa kavu ivute vakyumu, subiri dakika kumi, ukichomoa ile valvu ya hosi usikie "fyuu".