Kabla Hujaingia Studio: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwimbaji Anayeanza

Swali ambalo vijana wanaotaka kuimba hapa Mwanza hawaachi kuuliza ni hili: "Ninywe nini ili sauti iwe nzuri?" Wengi wanakuwa wameshajibiwa mtaani kabla hawajauliza. Yai bichi alfajiri. Tangawizi na ndimu. Asali ya nyuki wadogo. Kitunguu saumu cha kutafuna. Mwenye bahati mbaya anashauriwa na watu wanne, anakunywa vyote. Swali si baya, ila si la kuanzia. Sauti nyingi za waimbaji wapya haziharibiki kwa kukosa kinywaji. Zinaharibika kwa sababu zimepandishwa kwenye ki (kimo ambacho wimbo umewekwa, juu au chini) isiyo yake, zikalazimishwa kukaa huko mazoezi baada ya mazoezi.

Hata hivyo tulimalize hilo la kinywaji, maana msomaji hatatulia mpaka alisikie.

Nyuzi za sauti zimo ndani ya zoloto, ile sehemu inayotokeza shingoni kwa wanaume. Zoloto ipo kwenye njia ya hewa, si ya chakula. Ukimeza, njia ya hewa inafungwa na yai lako linapita nyuma, moja kwa moja hadi tumboni. Lingegusa nyuzi hata kidogo ungepaliwa na kukohoa mpaka machozi yakutoke. Asali inatuliza koo linalowasha, hilo kweli. Tangawizi ya moto inaleta raha, lakini kama una kiungulia, pamoja na ndimu yake inaweza kukuongezea taabu. Yai bichi halina kazi yoyote hapo, na linaweza kukuletea vimelea vya salmonela ukashinda chooni siku ya kurekodi.

Maji ni muhimu, ila nayo hayafiki kwenye nyuzi kwa kumezwa. Yanapita tumboni, yanaingia kwenye damu, ndipo mwili unazilainisha nyuzi kutokea ndani. Ile chupa unayoigida mlangoni mwa studio inaondoa kiu tu. Anza kunywa tangu jana yake, kidogo kidogo kutwa nzima. Kinachozifikia nyuzi moja kwa moja ni mvuke, kwa sababu unavutwa pamoja na hewa. Kujifukiza kila mtu anakujua tangu 2020, kwa hiyo sihitaji kueleza namna. Maji matupu yanatosha, dawa kali za kuchoma pua hazihitajiki, na usiinamie sufuria ikiwa bado iko jikoni inachemka.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, ambalo ni ki.

Nyuzi hizi ni fupi kuliko watu wanavyodhani: kama milimita 17 hadi 25 kwa mwanamume mzima, na 12 hadi 17 kwa mwanamke. Mwanamume akizungumza kwa kawaida, zinatikisika kama mara 110 kwa sekunde, na za mwanamke kama mara 200. Ile nota ya La inayotumika kulinganishia vyombo hutikisika mara 440 kwa sekunde. Kwa hiyo kijana anayemfuatiliza mwimbaji wake kipenzi mpaka kwenye nota hiyo anazitaka nyuzi zitikisike mara nne ya zinavyofanya akiwa anaongea na rafiki yake. Wapo wanaoweza, na wengine wanafika baada ya muda. Lakini kuanzia huko siku ya kwanza, kwa nguvu, shingo imekaza na kidevu kimeinuka, ndiyo njia fupi ya kupoteza sauti.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine, ijue sauti yako inaanzia wapi na kuishia wapi. Pakua programu ya kinanda ya bure kwenye simu. Usipime asubuhi ukiwa ndiyo umeamka, kwani saa hiyo sauti huwa nzito na itakudanganya upande wa chini. Subiri mchana au jioni. Anza katikati, karibu na pale unapoongelea, imba "aaa" ukishuka nota moja moja mpaka sauti igeuke kuwa mkwaruzo. Rudi katikati, panda vivyo hivyo mpaka usikie koo linabana. Andika nota hizo mbili kwenye daftari. Rudia siku nyingine, kisha nyingine, maana siku hazifanani. Ukishapata wastani, toa nota mbili au tatu juu na mbili au tatu chini. Wimbo wako uishi ndani ya hizo zilizobaki, na zile za pembeni uziguse mara moja moja panapohitaji mkazo.

Kushusha wimbo si aibu. Oktavu moja, yaani kutoka do hadi do inayofuata, ina nusu hatua 12, na mara nyingi kushuka mbili au tatu tu kunageuza wimbo wa kupigania kuwa wimbo wa kuimba. Tatizo linakuja na biti (muziki uliotengenezwa bila sauti ya mwimbaji) za kununua mtandaoni, kwa kuwa zinakuja na ki yake tayari. Produza anaweza kuishusha nusu hatua moja au mbili bila mtu kugundua. Ukimwomba zaidi, ngoma na besi zinaanza kusikika nzito, kama mtu anayeongea usingizini. Ndiyo maana mazungumzo haya yafanyike kwa simu, kabla hujalipa: "Kaka, nota yangu ya juu kabisa ni hii, biti iwe kwenye ki gani?" Produza anayejua kazi atafurahi kuulizwa. Akikujibu kwamba utaizoea tu, mwambie akutumie biti ukaijaribu nyumbani kwanza.

Wanaotokea kwaya wana mtihani wa aina nyingine. Sauti hugawiwa kwa uhaba. Sauti ya kwanza wamepungua, basi dada mwenye sauti ya pili safi anasogezwa huko, anakaa miaka, na mwisho anaamini kwamba kuimba ni kuumia. Kwenye sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, ni hivyo hivyo: kijana wa besi anapelekwa kwa kuwa walioko ni wawili. Kama ndiyo wewe, msubiri mwalimu baada ya mazoezi, si mbele ya watu, umwombe kwa adabu akusikilize upya. Na wanaoimba bila kinanda wakumbuke kitu kimoja kuhusu do-re-mi tunayoitumia, ile iliyoenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19: do haina mahali maalumu, inakaa popote anapoiweka mtoa sauti. Akiitoa juu siku hiyo, kwaya nzima inamfuata. Nimewahi kusikia wimbo mzuri sana ukifia kwenye ubeti wa pili kwa sababu hiyo tu.

Ukitaka kuona watu wanaojua kutunza sauti ya kutwa, nenda Bujora, Kisesa, mwezi Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, makundi mawili ya Bagika na Bagalu yanaposhindana kwa ngoma. Siku hizi spika zimefika huko pia, lakini ningi, yaani mwimbaji anayeongoza, bado anatakiwa adumu na kundi lake kutwa, juani, mbele ya umati. Msikilize anavyougawa wimbo: anaimba, anaitikiwa, na wakati wa kuitikiwa anapumzika. Mwimbaji mpya wa Bongo Fleva anajaza kila sekunde ya biti, halafu anashangaa pumzi imekwenda wapi.

Hesabu pia sauti unayoitumia nje ya muziki. Hili watu hawalifikirii kabisa. Kijana anapiga debe Buzuruga tangu saa kumi na mbili asubuhi, au anauza nguo Makoroboi akiita wateja, halafu saa moja jioni anaingia studio akitaka sauti laini. Nyuzi ni zile zile, hazina za kazi na za kuimba. Mwalimu wa shule mwenye darasa la wanafunzi wengi yuko hapo hapo. Kama kurekodi ni Jumamosi, Ijumaa jitahidi kupunguza kelele, hata kama ni kwa kumwachia mwenzako zamu.

Kelele za mahali zinachangia. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila kujijua. Haambiwi na mtu, inatokea yenyewe. Kanisa lenye spika zilizofunguliwa mpaka mwisho linamfanya kila mwimbaji apige kelele huku akidhani anaimba kawaida. Ukifanya mazoezi, tafuta mahali patulivu. Wengine hupanda kwenye mawe nyakati za jioni, na Mwanza hatujanyimwa mawe. Ila ukipanda milima ya Igogo au Mabatini, pumzika kwanza kabla hujafungua mdomo.

Kuhusu pumzi yenyewe sina mengi. Wanaosema "imba kwa tumbo" wanakusudia mema, ingawa hewa haikai tumboni. Kiwambo kilicho chini ya mapafu kikishuka, tumbo linasukumwa mbele, ndiyo hiyo unayoiona. Weka mkono chini ya mbavu, vuta hewa bila kuinua mabega, kisha itoe kwa "sss" nyembamba isiyotetemeka. Ukifikisha sekunde 20 ikiwa bado imenyooka, unaendelea vizuri. Fanya kila siku, dakika chache.

Jirekodi kwa simu. Utaichukia sauti yako, na hilo lina sababu: ukiongea unajisikia kupitia hewa na kupitia mifupa ya kichwa, ambayo inaongeza uzito wa chini. Rekodi inakuonyesha ya hewani peke yake, ile wanayoisikia wenzako. Usikate tamaa kwa ajili hiyo. Sikiliza kitu kimoja tu: je, umetua kwenye nota, au umetua katikati ya nota mbili? Na usitegemee otochuni, ile programu ya kunyoosha nota za sauti, ikuokoe. Inakuvuta kwenye nota iliyo karibu nawe, hata kama siyo uliyoikusudia, na pumzi haikupi kabisa.

Chakula, vumbi na moshi nitavipitia haraka. Kiangazi cha Juni hadi Septemba vumbi linakausha koo, na ukipanda bodaboda, funga mdomo na usibishane na dereva njia nzima. Kula saa mbili au tatu kabla ya kuimba. Ugali na sato wa saa tano usiku kisha kulala hapo hapo kunarudisha asidi hadi kooni, na asubuhi unaamka na sauti ya mzee. Soda iache, labda kama unataka produza akate mbweu kwenye rekodi. Sigara sitaisema, unajua mwenyewe.

Sauti ikikwaruza, simamisha kuimba. Kunong'ona hakupumzishi, hasa kule kwa kukaza, afadhali ukae kimya au uongee chini kwa sauti ya kawaida. Usinunue pipi za mentholi zikupoze maumivu halafu ukaendelea, kwa sababu maumivu ndiyo yaliyokuwa yanakuzuia usijiumize. Mafua yakiisha, sauti nayo inarudi. Lakini mkwaruzo ukipita wiki tatu bila kuondoka, au ukimeza kwa maumivu, au ukikohoa damu, nenda hospitali, uombe rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo. Kwa Kanda ya Ziwa wengi wanapelekwa Bugando. Inaweza kuwa vinundu kwenye nyuzi, ambavyo mara nyingi huanza kutibiwa kwa mapumziko na mazoezi ya sauti, si kisu. Inaweza pia kuwa kitu kingine kinachotakiwa kuonekana mapema. Na kwa wadogo wa kiume ambao sauti inavunjika, tuseme miaka 12 hadi 15, imbeni kwa upole katikati ya sauti, hayo ya juu yasubiri.

Siku yenyewe, pasha sauti kwa dakika 10 hadi 15. Anza kwa kuvumisha, mdomo umefumba. Kisha tetemesha midomo, "brrr", ukipanda na kushuka. Halafu chukua mrija, uchovye kwenye chupa yenye maji ya vidole viwili, uimbie ndani yake mapovu yakitoka. Watoto watakucheka. Lakini zoezi la mrija limetangazwa sana na Ingo Titze, mtafiti wa sauti wa Marekani: mrija unarudisha mgandamizo kidogo juu ya nyuzi, kwa hiyo zinatikisika bila kugongana kwa nguvu. Linafaa pia ukimaliza kurekodi.

Ndani ya studio, mashairi yawe kichwani. Anayesoma kwenye simu anainamisha shingo na kugeuka geuka mbele ya maiki. Simama umbali wa kama shubiri moja, na herufi za "p" na "b" zipitishe pembeni kidogo ya maiki. Hedifoni moja iache nusu nje ya sikio ujisikie, na biti ishushwe mpaka usihitaji kushindana nayo. Omba mfanye kiitikio kwanza sauti ikiwa mbichi, beti zifuate, na vokali za nyuma, zile za kuitikia na kusindikiza, mziache mwisho. Kabla hujaaga, mwombe produza akutumie vokali zako peke yake, bila biti na bila otochuni, uzisikilize nyumbani na lile daftari la nota likiwa mkononi. Wengine hukataa kutoa mpaka hela imalizike, kwa hiyo mkubaliane mapema.