Rufaa ya viza ya familia Uingereza: makosa ya nyuma yanavyopimwa

Katika rufaa ya viza ya mwenza au mzazi, uongo huumiza kuliko kosa lenyewe. Faini ya zamani iliyotajwa kwenye fomu hupimwa kwa uzito wake. Ikifichwa, inakuwa suala la udanganyifu, na hata karatasi zako za kweli zinaanza kutiliwa shaka.

Anza na barua ya kukataliwa. Tafuta sababu hasa: hukumu ya jinai, taarifa za uongo, kuishi nchini bila kibali, au deni la matibabu la NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza) lililofika paundi 500. Deni ndilo jepesi; lilipe uhifadhi risiti. Kifungo cha miezi 12 au zaidi ndicho kigumu. Ukiwa nje ya Uingereza una siku 28 za kukata rufaa tangu uipokee barua. Ukiwa ndani, siku 14 tangu itumwe.

Ukituhumiwa kudanganya, ni kazi ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza kuthibitisha. Mwaka 2010, katika kesi ya AA (Nigeria), Mahakama ya Rufaa ilisema taarifa ya uongo ni ile iliyotolewa kwa nia ya kudanganya. Kukosea tu hakutoshi. Kwetu Afrika Mashariki hili lina maana kubwa, kwani wengi huandikishiwa cheti cha kuzaliwa ukubwani, na tarehe zikagongana na za shuleni. Eleza nani alikuandikisha, lini na kwa karatasi gani, kisha ambatanisha nakala. Lakini usijifiche nyuma ya wakala: uongo wake unaweza kukuangusha hata kama hukuujua.

Kwa hukumu, peleka nakala ya mahakama, uthibitisho kwamba adhabu imekwisha, na cheti cha polisi cha tabia njema. Hukumu ya zamani sana nayo itaje, maana kwenye uhamiaji haifutiki kwa kupita miaka. Barua ya imamu au mchungaji inayosema tu "ni mtu mwema" haina nguvu. Mwandishi aseme amekujua tangu lini, kwamba kosa analijua, na mabadiliko gani ameyaona kwa macho yake.

Kisha jenga upande wa familia, maana rufaa yenyewe inasimama juu ya haki ya maisha ya familia. Mtoto habebeshwi makosa ya mzazi. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 2013 katika kesi ya Zoumbas. Leta barua za shule na hospitali, kumbukumbu za simu, na pesa zinazotumwa kila mwezi. Ujue pia kwamba mapenzi yaliyoanza wakati ukiishi Uingereza bila kibali hupewa uzito mdogo kisheria.

Jaji hutazama hali ilivyo siku ya kusikilizwa, kwa hiyo ushahidi uliopatikana baada ya kukataliwa unapokelewa. Jambo jipya kabisa, kama ndoa iliyofungwa baadaye, linaweza kuhitaji ridhaa ya Wizara kwanza.

Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, usitegemee kutoa ushahidi kwa video, maana kunahitaji idhini ya nchi uliyomo. Andika maelezo yako na kuyasaini. Mwenza wako aliye Uingereza ndiye atakayehojiwa. Mweleze historia yako yote mapema. Akisikia hukumu yako kwa mara ya kwanza mbele ya jaji, ushahidi wake kuhusu ndoa yenu unapoteza nguvu papo hapo.