Roketi ya chupa kwa pampu ya baiskeli: somo zima liko hapa

Mashindano ya sayansi yakikaribia, kibanda changu cha baiskeli hapa Malindi hujaa sare za shule. Swali ni lile lile, roketi ya chupa hutengenezwaje, nami nalijibu mara kumi kwa siku mikono ikiwa na grisi. Nimeandika yote, someni kabla hamjaja.

1. Chupa. Ya soda, lita 2. Si ya maji ya kunywa. Ile ni nyepesi, itapasuka. Yenye mkunjo au mkwaruzo itupe.

2. Mapezi matatu ya katoni ngumu, kwa tepu. Gundi ya moto hulainisha plastiki, usiitie.

3. Pua ya karatasi na donge la udongo ndani. Usiweke chuma wala jiwe.

4. Kizibo cha mdomo wa chupa (kama kile cha chupa ya mvinyo), mpira na valvu. Hapa tulia. Mara ya kwanza nilichomeka valvu ya tyubu ndani ya kizibo chenyewe, chini ya chupa. Tukajaza upepo mpaka geji ikasoma 50 psi, chupa haikutoka. Valvu hupitisha hewa kuingia tu, hairudishi, kwa hiyo njia iliyobaki ni kwenda kuishika chupa kwa mkono. Nikaenda, nikainama. Ikatoka. Nilishonwa nyuzi nne kwenye nyusi, na wanafunzi waliniona nikivuja damu.

Kwa hiyo valvu ikae UPANDE WAKO. Toboa kizibo kwa msumari wa moto, tundu liwe jembamba kuliko mpira. Pitisha mpira wa pampu ya kunyunyizia dawa, mita 5, kisha funga valvu kwenye ncha ya mwisho kwa klipu mbili. Chupa ikigoma, chomoa pampu, bonyeza kipini cha valvu kwa msumari. Yatatangulia maji, maana mdomo wa chupa umeangalia chini. Endelea kubonyeza mpaka hewa ifuate na mlio ukome kabisa. Ndipo usogee. Kabla ya hapo hata hatua moja usipige.

5. Maji theluthi moja ya chupa.

6. Isimamishe wima kwenye fremu ya mbao, vaeni miwani ya kukinga macho, watu wote wawe nyuma ya mpigaji. Jaza polepole, utaona mapovu yakipanda ndani ya maji. Kizibo changu hutoka geji ikisoma kati ya 30 na 40 psi. Ikifika 60 haijatoka, acha, toa hewa, punguza kukaza kizibo.

MASWALI

Mwanafunzi, Watamu: Fundi, pampu inasoma ngapi kabla ya kuruka?
— Hatua ya 6.

Mwanafunzi, Malindi: Kuna njia ya kutumia gesi ya kupikia na bomba la plastiki, inapiga mbali zaidi. Tupe vipimo.
— Sitoi, na usije kibandani kwa hilo. Bomba la plastiki likipasuka hutoa vipande vikali kama visu. Hewa ya pampu inakutosha kabisa.

Huyo huyo: Wewe unaogopa tu.
— Naam, naogopa. Nimeonja upepo wa pampu tu, nikashonwa.

Mwanafunzi, Ngomeni: Kwa nini tutie maji? Hewa peke yake si itaisukuma?
— Swali zuri sana, mwanangu. Jaribu chupa tupu uone: italia pu, itaruka kidogo, basi. Roketi huenda juu kwa kutupa kitu chini, na kitu kizito husukuma zaidi. Lita ya maji ni kilo moja. Lita ya hewa ni gramu moja na kidogo. Lakini ukijaza maji mengi, hewa ya kuyasukuma inakosa nafasi. Piga bila maji, kwa robo, theluthi, nusu, upepo wa pampu ukiwa sawa, uandike kila urefu. Huo ndio mradi wenyewe. Kupima urefu: simama mita 30, tumia protrakta yenye uzi na kokoto. Pembe ikiwa digrii 45, imepanda mita 30 juu ya jicho lako.

Huyo huyo: Na mitambo ya San Marco ya kwetu baharini, ile ya kurushia roketi za satelaiti, ni kanuni hii?
— Ndiyo hii, ila wao walichoma fueli ngumu. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi aina ya Scout ilibeba kutoka hapo satelaiti ya kuchunguza eksirei za angani, ikaitwa Uhuru kwa sababu ya siku yenyewe, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, inakupa msukumo wa bure kuelekea mashariki; na mashariki yetu ni bahari tupu. Liandike hilo kwenye bango lako.

Mwalimu, Lamu: Shukrani, fundi. Huku kusi ikivuma roketi zinaangukia mapaani.
— Mwalimu, piga asubuhi mapema, ufuoni, maji yakiwa yametoka. Wa Malindi msipige karibu na uwanja wa ndege.

Mzazi, Lamu: Kizibo lazima kiwe cha chupa ya mvinyo? Sitaki kitu hicho nyumbani.
— Si lazima, mama. Ndara zilizotupwa na bahari zinafaa. Kata duara tatu, zigundishe, ziache usiku kucha. Kisha sugua kwa msasa huku unazungusha mpaka upande mmoja uwe mwembamba, ukiloweshe kabla ya kukitia.