Trekta dogo lililotumika: ulirudishe dukani uongeze hela, au uliuze mwenyewe?

Kila mwaka mahindi yakishapukuchuliwa, simu zinaanza: "Kaka, nina trekta la nguvu za farasi 24, nataka kubwa kidogo. Nilipeleke dukani niongeze hela, au nitafute mteja?" Mimi ni fundi niliyegeuka mkulima, niko Dodoma, na matrekta yangu mwenyewe nimeshauza matatu. Moja nililirudisha dukani, mawili niliyauza mkono kwa mkono. Jibu langu huwa si moja kwa kila mtu, ila njia ya kulipata ni hii.

Hatua ya 1: Jua una trekta gani

Matrekta madogo yaliyoko huku kati ni ya aina mbili. Kuna yaliyonunuliwa mapya kwa wakala mwenye karakana na spea. Halafu kuna yaliyotumika Japani kwanza, Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura na wenzao, ambayo mengine bado yana maandishi ya Kijapani pembeni ya gia. Haya ya pili ni mashine imara, lakini modeli nyingi zilitengenezwa kwa soko la kwao tu, hivyo spea huagizwa mbali au fundi anachonga. Wakala analijua hilo. Atakutajia bei ya chuma chakavu, au atakuambia moja kwa moja kwamba halichukui.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi hana shida na maandishi ya Kijapani. Anachotaka ni kitu chembamba kitakachopita katikati ya mistari bila kung'oa nguzo na waya. Kwa hiyo kama lako ni la Japani, mteja wako yuko shambani, usihangaike na maduka. Kama ni la chapa yenye wakala, na unataka jipya la chapa hiyohiyo, basi una sababu ya kwenda kuzungumza. Mtu wa Bahi anayelima mbuga nyeusi usimfukuzie: udongo ule ukilowa unameza trekta dogo, naye anajua.

Hatua ya 2: Ulizia jipya kabla hujataja la zamani

Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa, nami nusura niliwe.

Ingia dukani kama mtu mwenye taslimu. Ulizia bei ya trekta jipya, uliza kama jembe limo au linalipiwa pembeni, kisha omba uandikiwe kwenye karatasi. Ondoka. Siku nyingine rudi useme una la zamani, ungependa walichukue uongeze.

Nilipofanya hivyo, jipya lilikuwa milioni 34 taslimu. Niliporudi na habari ya kubadilisha, muuzaji akatabasamu: "La kwako tunalipokea kwa milioni 12." Moyo uliruka, maana mtaani lilikuwa halizidi 11. Ila bei ya jipya kwenye karatasi ya pili ilikuwa imepanda hadi 37. Piga hesabu: 37 toa 12, naongeza milioni 25. Kama ningelipa taslimu 34, hiyo 25 ina maana trekta langu wamelithamini milioni 9. Ile 12 ilikuwa pambo.

Kwa hiyo usibishane kuhusu bei ya la zamani. Shika namba moja tu: unaongeza shilingi ngapi ili uondoke na jipya? Namba hiyo ndiyo unayoilinganisha na njia ya kuuza mwenyewe.

Na upande huo pia usijidanganye. Kuuza mwenyewe kuna gharama. Mimi nilitoa betri, oili na filta, nikamlipa dalali, nikalipia fuso ya kulipeleka kwa mteja. Jumla laki nane. Milioni 11 ikawa 10 na laki mbili mkononi. Faida juu ya ile 9 ya duka ikawa milioni moja na laki mbili.

Sasa weka siku kwenye mizani. Trekta langu dogo lilikuwa linalima kama ekari nne kwa siku, na nilikuwa nalimia watu kwa 60,000 ekari. Hiyo ni 240,000 kwa siku. Ukitoa dizeli, dereva na chakula chake, nilibaki na kama 140,000. Nikisubiri mteja siku tisa za msimu bila trekta la kulimia, faida yote ya kuuza mwenyewe imekwisha. Nikisubiri siku tisa za Agosti, trekta limepaki chini ya mti, sijapoteza kitu. Hesabu hii ifanye kwa namba zako, si zangu.

Hatua ya 3: Chagua mwezi

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Watu wanalima kuanzia mwishoni mwa Novemba na Desemba. Mtu anayetaka trekta anaanza kulitafuta akishauza mazao, na anataka awe nalo kabla ya mawingu. Kwa hiyo Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi ya kuuza mwenyewe. Wenye zabibu huvuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba yanaangukia humohumo.

Kama unataka kubadilisha dukani, maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Nzuguni yanakufaa. Wauzaji wanakuwa wamepanga mashine zao uwanja mmoja, na unaweza kutembea na karatasi ya huyu mpaka kwa yule. Bei hushuka kwa shida, lakini jembe, haro la kuvunja mabonge au sevisi ya kwanza unaweza kuvipata juu yake.

Ukishafika Desemba bado unalo, na ardhi imelowa, rudi kwenye ile hesabu ya siku. Mara nyingi itakuambia umalize msimu nalo kwanza.

Hatua ya 4: Tengeneza kidogo, usipake rangi

Kwa kwenda dukani, hakikisha linawaka, linapanda gia na mikono ya nyuma inanyanyua. Basi. Pesa utakayoongeza hapo hairudi.

Kwa mteja wa mkononi, badilisha oili na filta, weka betri inayopiga stata asubuhi ya baridi, ziba mvujo wa oili na dizeli. Pampu ya haidroliki ikiwa imechoka, ishughulikie, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza wanachopima: wananyanyua jembe, wanazima injini, wanakaa kupiga soga huku wakiliangalia. Likishuka upesi, bei nayo inashuka.

Rangi mpya usipake. Mkulima akiona trekta la miaka kumi na tano linang'aa, anajiuliza kuna ufa gani chini yake. Na injini usiioshe asubuhi ya mteja kuja. Unaonekana unaficha mvujo.

Kama injini inahitaji kufunguliwa yote, acha. Liuze na ugonjwa wake, useme, upunguze.

Hatua ya 5: Tangaza, na mfunge dalali kwa maneno

Piga picha za pande zote nne, tairi za nyuma kwa karibu, mita inayohesabu saa za kazi za injini, na shafti ya PTO, ile ya nyuma inayoendesha mashine nyingine, ikizunguka. Weka video ya kuwasha injini ikiwa baridi. Mita ikiwa imekufa, andika imekufa. Weka Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wakulima, kisha waambie wenye maduka ya pembejeo Kibaigwa na Kongwa. Hao wanakutana na wanunuzi wa mashine kila siku.

Dalali ni mtu wa msaada, ila mwambie mapema: bei yangu ni hii, kamisheni yako ni hii, na cha juu hakuna. Usipomwambia, ataongeza milioni yake, mteja mzuri atakimbia, nawe utabaki ukilaumu soko.

Hatua ya 6: Siku ya mteja

Acha injini ipoe. Mzee mmoja wa Mvumi alipokuja, kabla hata ya salamu kwisha alikuwa ameshaweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa baridi. Akaniambia, "Sasa liwashe, mwanangu." Likawaka, akafungua kifuniko cha oili akaangalia kama hewa ya injini inasukuma kutokea pale, dalili ya kuchoka.

"Linapumua kidogo."

"Linapumua kidogo, mzee, sikukatalii. Ila moshi wa bluu hakuna, angalia."

Aliangalia moshi kwa dakika nyingi. Wa bluu ni oili inaungua, mweusi usiokwisha ni hewa haitoshi au nozeli za dizeli zina shida, mweupe usioisha injini ikishapata moto ni habari mbaya. Kisha akaomba alime mistari miwili. Mpe jembe na mpe shamba. Mtu akishalima nalo, kinachobaki ni bei tu.

Hatua ya 7: Pesa kwanza, halafu karatasi

Trekta langu la pili nilimpa mtu kwa nusu ya bei, nusu "baada ya mavuno". Mavuno yalikuja, yeye hakuja. Nilimfuata miezi saba, na nilichopata mwisho sikukitarajia: mbuzi na trela bovu. Tangu hapo trekta halitoki uwanjani kwangu pesa haijakamilika.

Kutaneni benki, ahamishie kwenye akaunti yako, na uhakikishe salio mwenyewe. Ujumbe wa simu alioonyesha yeye si pesa. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, uwe na namba ya chasisi na ya injini, na mashahidi wa pande zote mbili. Mimi humwomba na mke wangu asaini. Mteja anatulia akiona nyumba nzima inakubali.

Baada ya hapo nendeni TRA wote wawili kuhamisha umiliki, mkiwa na kadi halisi, mkataba, TIN na vitambulisho. Ushuru wa stempu hukokotolewa kwa thamani ya mauzo, kwa hiyo kubalianeni mapema nani analipa. Usimwachie mteja aende "siku akipata nafasi": likigonga ng'ombe barabarani, jina litakalosomwa ni lako. Kama trekta halikuwahi kusajiliwa, mkabidhi makaratasi ya bandarini, ubaki na nakala. Kama ulilinunua kwa mkopo, pata kwanza barua ya kumaliza deni kutoka kwa mkopeshaji. Bila hiyo hata dukani hawatalipokea.

Mkabidhi na funguo ya akiba, mwonyeshe ile gia inayotaka kubembelezwa, na tangazo lifute siku hiyohiyo, la sivyo utapigiwa simu mpaka Pasaka.