Kujenga seva ya kuhifadhia faili nyumbani kwa kompyuta iliyotumika

Kompyuta ya mezani iliyotumika, ya aina zinazouzwa kwa wingi Kariakoo baada ya kutolewa maofisini, inatosha kabisa kuwa seva ya kuhifadhia picha, video na nyaraka za familia nzima. Prosesa yenye nguvu haihitajiki. Kinachohitajika ni RAM ya gigabaiti 4 au zaidi, tundu la mtandao la gigabiti 1, na nafasi ya diski tatu: SSD ndogo (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) kwa ajili ya mfumo endeshi, na mbili kubwa zinazolingana kwa ajili ya faili. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue kasha ili uhesabu matundu ya SATA (ya kuunganishia diski) na nyaya za umeme zinazotoka kwenye pawa saplai, kwa kuwa makasha membamba ya ofisini mara nyingi yana nafasi ya diski moja kubwa tu. Bana matumizi kwenye kompyuta, lakini diski kubwa nunua mpya. Ukilazimika kununua iliyotumika, soma kwanza taarifa zake za SMART, yaani kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe, na ukikuta tayari ina sekta zilizoharibika, usiichukue hata kwa bei ya kutupa.

Jambo la pili ni umeme, nalo halifai kuahirishwa. Umeme ukikatika wakati faili inaandikwa, faili hiyo inaweza kuharibika, na pengine mpangilio mzima wa diski ukavurugika. Nunua UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika) yenye tundu la USB, uiunganishe na seva, kisha uweke programu ya NUT, ambayo husoma hali ya betri na kuizima seva kwa utaratibu kabla chaji haijaisha. Ingia pia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) na uchague mpangilio unaoifanya kompyuta ijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Kuhusu gharama, kompyuta inayotumia wati 40 mchana na usiku hula takriban uniti 29 kwa mwezi, kiasi ambacho ni vyema kukiingiza kwenye hesabu ya LUKU mapema.

Programu ninayoipendekeza ni OpenMediaVault, ambayo ni ya bure na imejengwa juu ya Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux. Ipakue, iandike kwenye flashi, halafu chomoa diski mbili za faili kabla ya kuisakinisha kwenye SSD, kwa sababu kisakinishi hufuta diski utakayoichagua na ni rahisi kukosea. Ukimaliza, zima kompyuta, zirudishe diski, kisha iwashe tena. Kwenye skrini itaonekana anwani ya IP; iandike kwenye kivinjari cha kompyuta nyingine, uingie kwa jina admin na nenosiri openmediavault, na ulibadilishe nenosiri hilo papo hapo. Kwenye ruta, itengee seva anwani isiyobadilika.

Sasa unganisha diski mbili kwa RAID 1, ili kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe pia kwenye ya pili. Katika toleo la 7, uwezo huo huongezwa kwa programu-jalizi iitwayo openmediavault-md. Tengeneza mfumo wa faili wa ext4 (utaratibu wa kupanga faili kwenye diski), kisha folda ya pamoja, kisha mtumiaji na nenosiri kwa kila mwanafamilia, na mwisho washa huduma ya SMB, inayoziwezesha kompyuta nyingine kufungua folda hiyo kupitia mtandao. Baada ya kila badiliko hutokea utepe wa njano wenye alama ya vema: usipoibofya, mabadiliko hayaanzi kufanya kazi, na hapo ndipo wengi hukwama wakidhani mtandao ndio mbovu. Kwenye Windows, fungua folda kwa kuandika \\ ikifuatiwa na anwani ya seva.

Seva iunganishwe na ruta kwa kebo ya Cat5e au bora zaidi. Kwenye gigabiti 1, gigabaiti 100 za video huhamishwa kwa takriban dakika 15. Tundu la ruta likiwa la megabiti 100 tu, kazi hiyo hiyo huchukua saa mbili na nusu. Usifungue mlango wa 445 wa SMB kuelekea intaneti kwa hali yoyote, maana WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017, ilisambaa kupitia huduma hiyo hiyo. Anayetaka kufikia faili akiwa safarini atumie VPN (njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani kupitia intaneti) kama WireGuard.

Tafadhali usichukulie RAID 1 kuwa nakala rudufu. Humkinga mtu dhidi ya kufa kwa diski moja, lakini picha ikifutwa kwa bahati mbaya hufutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja, na mwizi akibeba kompyuta amebeba zote. Kwa hiyo nunua diski nyingine, ya nje, uinakilie faili kwa programu ya rsync kila wiki, na uitunze kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine. Kila baada ya miezi michache irudishe nyumbani, uchague folda moja, uinakili kwenye kompyuta yako na ufungue picha zake kadhaa ili kuhakikisha kwamba zinafunguka.