Utafiti wa afya usioishia kabatini: anza na anayeamua, dodoso baadae

Ripoti nyingi za utafiti wa afya na maendeleo kwenye nchi zinazoendelea zinasomwa na watu wawili, aliyeiandika na aliyeilipia, na huyo wa pili mara nyingi anaishia ukurasa wa tatu. Watu husema viongozi hawapendi takwimu. Mimi nadhani tatizo linaanza mapema zaidi, utafiti ulianzia kwenye dodoso. Watu wamekaa wameandika maswali 140, wameajiri wadadisi, wamezunguka vijijini mwezi mzima, wamerudi na data ya kupima kwa kilo, af ndo wanaulizana sasa hii tumpelekee nani.

Kwahiyo kabla hujafungua kompyuta andika sentensi moja tu: nani ataamua, ataamua nini, na lini. Basi. "Kujua hali ya afya ya mama na mtoto wilayani" sio swali, hiyo ni kichwa cha semina. Swali ni kama "wizara igawe vyandarua bure kliniki au iviuze kwa bei ya chini?" Hilo lina mtu anayesubiri jibu. Na lilijibiwa kweli, kule magharibi ya Kenya, wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliweka bei tofauti kwenye kliniki tofauti za wajawazito na utafiti wao ukatoka 2010. Hoja iliyokuwa inavuma enzi hizo ni kwamba mtu akipewa bure hathamini, atafugia kuku. Walichokuta ni kwamba ukipandisha bei kutoka sifuri mpaka senti 60 za dola, wanaochukua chandarua wanapungua kwa pointi 60 za asilimia, na wale waliolipa hawakuonekana kukitumia zaidi kuliko waliopewa bure. Ona lilivyo dogo lile swali halafu ona jibu lilivyo zito.

Ukishapata sentensi yako, chora majedwali matupu. Namaanisha yale ya mwisho, ya kwenye ripoti, na vichwa vyake vyote, ila bila namba. Mpelekee huyo anayeamua, umuulize: mheshimiwa, hapa tukikuta asilimia 20 utafanya nini, na tukikuta 70 utafanya nini? Akikujibu kitu kile kile mara zote mbili, futa hilo jedwali, na maswali yote ya dodoso yaliyokuwa yanalilisha nayo futa. Nakuhakikishia nusu ya dodoso itaondoka hapo hapo, na wadadisi wako watakushukuru.

Hiyo "lini" nayo isichukuliwe poa. Bajeti ina msimu wake kama mvua, ikipita imepita. Tanzania miaka ya 90 kulikuwa na mradi wa TEHIP, Morogoro na Rufiji, ambao kwa kweli ndo mfano ninaoupenda kuliko yote sababu hauna makeke. Walichofanya ni kuzunguka kaya kwa kaya wanaandika nani amekufa na kwa dalili gani, maana watu wengi wanafia nyumbani na hospitali haina habari nao, halafu wakaweka ule mzigo wa magonjwa sambamba na bajeti ya wilaya, kwa michoro rahisi, mezani kwa timu ya afya ya wilaya wakati inapanga mpango wa mwaka. Watu wakaona wenyewe kwamba malaria inaua mno na fungu lake ni kiduchu. Wakahamisha hela kidogo, sio nyingi, na vifo vya watoto kwenye wilaya hizo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Mengine nayo yalikuwa yanabadilika kipindi hicho hicho, vyandarua kwa mfano vilianza kusambaa, kwahiyo usimpe mchoro sifa zote. Ila mchoro ulifika mezani siku ya kupanga.

Sasa, kabla ya kwenda kukusanya, angalia kama kuna mtu keshakusanya. Nchi nyingi zina ripoti za DHS, zilizoanza 1984, na MICS za UNICEF, zote ni tafiti kubwa za kitaifa zinazopita kaya kwa kaya kuuliza mambo ya afya, na data ghafi unaweza kuziomba ukapewa bure. Ila DHS usiitegemee kama zamani, mwaka 2025 Marekani ilikata hela na programu ikasimama ghafla, kwahiyo nchi zilizokuwa zinasubiri awamu mpya zilijikuta njia panda.

Kuna pia takwimu za vituo zinazoingia kila mwezi kwenye DHIS2, mfumo uliozaliwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo. Hizi ni tamu lakini zina mtego mmoja. Tuseme kituo kimechanja watoto 5,600 na makadirio yanasema eneo lina watoto 5,000. Uwiano unasoma asilimia 112. Kuna watu wanashangilia hiyo namba! Hakuna asilimia 112 ya watoto, bwana. Ama makadirio ya sensa yamepitwa, ama watoto wa wilaya jirani wanakuja kuchanjwa hapo, ama mtu kahesabu chupa badala ya mikono. Na ubaya ni kwamba ile namba inaficha watoto ambao hawajaguswa kabisa. Kila ukiona asilimia, uliza imegawanywa kwa nini. Huyo wa chini ya mstari ndo muongo mara nyingi.

Ukishaona lazima uende field, jiulize utalinganisha na nini. Kabla na baada peke yake ni mtego, mradi unaanza masika unapimwa baada ya mvua kukata, kuharisha kumepungua, wote wanapiga makofi. Njia safi kuliko zote ni kupanga nani aanze kwa bahati nasibu, na hapa watu huwa wanagoma wanasema huwezi kuwanyima wengine huduma. Ni kweli, ila mara nyingi hela haitoshi kuanza kote kwa pamoja, kwahiyo kuna watakaosubiri hata usipofanya utafiti. Ndivyo Mexico walivyofanya na Progresa mwaka 1997, mpango wa kuzipa familia maskini fedha mradi watoto waende shule na kliniki: vijiji 506, 320 vikaanza na 186 vikafuata baadae. Chama tawala kikashindwa uchaguzi wa 2000, na kawaida serikali mpya hufuta kila kitu cha wa zamani, ila huu ulikuwa na ushahidi mkononi, ukapona, wakabadilisha jina tu.

Busia, Kenya nako, utafiti wa dawa za minyoo wa Edward Miguel na Michael Kremer, shule 75 kwenye makundi matatu ya shule 25, kila kundi likaanza mwaka wake. Utoro ulipungua kwa robo kwenye shule zilizopata dawa. Miaka mingi baadae, 2015, watafiti wengine wakairudia ile data, wakakuta makosa na kukawa na mabishano makali mno kuhusu nini kinabaki na nini kinaanguka. Mabishano yenyewe hata usiyaogope, yaliwezekana sababu wenye utafiti walitoa data yao. Wewe yako iweke hivyo hivyo, safi, na maelezo ya kila safu, maana mwakani hata wewe mwenyewe utasahau "q17b_mpya_FINAL2" ilikuwa nini.

Kuhusu ukubwa wa sampuli utasikia 384 kila kona. Hiyo inatosha kama unataka asilimia yenye uhakika wa 95 na kosa lisilozidi pointi 5 huku na huku, na kama umechagua mtu mmoja mmoja kwa nasibu. Nani anafanya hivyo? Wote tunachagua vijiji kwanza ndo kaya, na majirani wanafanana, wanachota kisima kimoja wanatibiwa na nesi mmoja, kwahiyo mtu wa pili wa kijiji hicho hakuambii vingi vipya. Kwa kukadiria tu, zidisha mara mbili, na ongeza vijiji badala ya kuongeza kaya ndani ya kijiji. Na kaya ukikuta imefungwa usihamie ya jirani! Rudi jioni, rudi kesho. Waliofunga mlango saa nne asubuhi ni wale wanaofanya kazi, ukiwaruka wote umepima afya ya watu wanaoshinda nyumbani.

Haya, dodoso. Hapa ndo nina kidonda. Niliwahi kuwa mdadisi kwenye utafiti mmoja (sitautaja), swali linasema "Je, mtoto huyu ameharisha katika wiki mbili zilizopita?" Nafika kwa mama mmoja anafua, mtoto yuko mgongoni, nauliza, ananijibu "hapana kaka, huyu mzima kabisa." Nabonyeza HAPANA. Jirani yake anacheka, "si juzi ulikuwa unalalamika nepi zimeisha?" Mama anasema, "ah, ile si ya meno." Nikabaki naangalia kishikwambi. Ilikuwa siku ya tisa ya kazi, na sijui ni watoto wangapi nyuma ya huyo niliowaandikia uzima. Tafsiri ilikuwa sahihi kabisa kwenye kamusi, ila kwake kuharisha ni ugonjwa na meno sio ugonjwa.

Dawa yake ni kuuliza kinachoonekana: kuna siku yoyote tangu ijumaa ya wiki juzi alipata choo cha maji mara tatu au zaidi kwa siku moja, hata kama ni ya meno? Unataja siku, unataja mara tatu, na unataja meno kabisa ili asiyaweke pembeni. Hilo huligundui ofisini, unaligundua kwa kukaa na akina mama kumi, unamuuliza kila mmoja halafu unamwambia hebu nieleze kwa maneno yako nimekuuliza nini. Fanya hivyo kabla ya mafunzo ya wadadisi, sio baada ya kuchapisha dodoso.

Mantiki ni hiyo hiyo kwa kila kitu ambacho watu wanajua jibu zuri ni lipi. Ukiuliza "mnatumia chandarua?" ni ndio. Omba uone chandarua, halafu uliza jana usiku nani alilala ndani yake, jina kwa jina. Ukiuliza "mnanawa kwa sabuni?" ni ndio tena kwa mkazo. Omba wakuonyeshe wanaponawia, angalia kama maji yapo na sabuni ipo, andika ulichokiona. Na muda wa kukumbuka uwe wa kibinadamu: homa wiki mbili, kulazwa hospitali mwaka unakubalika, ila kumuuliza mtu alitumia nauli kiasi gani kwenda kliniki miezi nane iliyopita ni kumuomba atunge. Usiwachoshe pia kwa kurudi rudi, kule Kenya iligundulika kwamba familia zilizoulizwa mara kwa mara kuhusu kuharisha zilianza kutibu maji zaidi na kuripoti kuharisha kidogo. Kuuliza kwenyewe kukageuka mradi.

Kibali cha maadili kiombe mapema kuliko unavyodhani, ridhaa isomwe kwa lugha ya nyumbani, hayo unayajua. Ambalo watu husahau ni hili: unapima mikono ya watoto wa miezi 6 mpaka 59, ukikuta mzunguko wa mkono wa juu uko chini ya milimita 115 huyo ana utapiamlo mkali, sasa utafanya nini? Kuandika namba na kuondoka haiwezekani. Jua kituo gani kinapokea, nani anampeleka na nauli inatoka wapi, uwe nayo kwenye bajeti kabla ya siku ya kwanza.

Na kama unataka kubeba matokeo ya nchi nyingine, usibebe namba, beba sababu zake. India, jimbo la Tamil Nadu, kulikuwa na mradi wa lishe ulioanza 1980 wa kuwafundisha akina mama na kuwapa watoto dhaifu chakula cha nyongeza, ulifanya vizuri. Bangladesh wakaanza wa kufanana nao 1995, haukuonyesha matunda yale. Walipochimba wakakuta anayekwenda sokoni ni baba, na jikoni mwenye sauti ni mama mkwe, kwahiyo somo lilikuwa linamfikia mtu asiyeamua. Kabla hujaiga chochote fuata njia yote hatua kwa hatua, nani anashika hela, nani anapika, nani anaruhusu mtoto aende kliniki, ukiona hatua moja huku kwako haipo basi ujue utakwama hapo hapo.

Ukifika kuandika, ripoti ya kurasa 90 iwepo kwa ajili ya mafundi wenzako, lakini ya kwenda mezani iwe ukurasa mmoja. Juu kabisa ile sentensi yako ya mwanzo, chini yake jibu, halafu gharama, halafu nini hujui. Badala ya "hatari imepungua kwa asilimia 50" sema kwenye watoto 100 walikuwa wanaugua sita, sasa watatu, maana asilimia 50 inaweza kuwa kitu kikubwa au kitu kidogo sana na anayesoma hawezi kujua. Vijijini rudi pia, itisha mkutano, sema ulichokuta, na ubishiwe, mara nyingi mtu mmoja wa nyuma anakuelezea ile namba iliyokuwa inakusumbua.

Mwisho wa ukurasa huo mmoja weka namba yako ya simu, na wiki ya bajeti usizime. Swali litakuja usiku, kwa meseji, watataka mistari miwili, na asubuhi kikao kinaanza.