Hukumu Imesomwa, Watu Wanasubiri Kauli: Mwongozo kwa Waheshimiwa wa Tanga na Wanaowaandikia

Hukumu ya kesi ya mauaji ikisomwa asubuhi hapa Tanga, ifikapo alasiri mabaraza ya kahawa ya Ngamiani huwa yameshatoa hukumu yao ya pili, na kabla ya adhana ya magharibi simu ya diwani au ya mbunge inakuwa imeshapokea maombi matatu au manne ya kutaka atoe kauli. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kiongozi huyo, na hasa kwa katibu wake, ambaye ndiye hukaa na kalamu mkononi huku mheshimiwa akimwuliza kila baada ya dakika kumi kama imekuwa tayari. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuandika kwamba mshtakiwa fulani "amesafishwa na mahakama", kumbe mashtaka yalikuwa yameondolewa tu, na mtu yule alikamatwa tena kabla hajavuka geti. Mheshimiwa wangu alikwisha kuisoma kauli ile redioni.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua hasa mahakama imesema nini, kwa sababu maneno ambayo mtaani yana maana moja, mahakamani yana maana nne. Mshtakiwa anaweza kuachiwa mapema kwa kuwa hakimu au jaji ameona hana kesi ya kujibu, yaani upande wa mashtaka haukujenga hoja ya kumtaka ajitetee. Anaweza kuachiwa huru baada ya ushahidi wote kusikilizwa, kwa kuwa kosa halikuthibitishwa pasipo kuacha shaka. Anaweza kutoka kwa sababu Mkurugenzi wa Mashtaka ameliondoa shauri, na huyo ndiye yule wa getini, kwani kuondolewa kwa shauri hakuzuii kushtakiwa upya. Au anaweza kutiwa hatiani kwa kosa dogo kuliko aliloshtakiwa nalo, kama vile kuua bila kukusudia badala ya mauaji, na hapa ndipo hasira ya mtaani huwa kubwa kuliko pengine pote, kwa sababu familia ilikuja kusikia neno moja ikasikia jingine. Mpigie simu wakili, au nenda masjala ukaulize kwa adabu, lakini usiandike hata mstari mmoja kwa kutegemea ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Jambo la pili, ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote, ni kuisoma hukumu yenyewe. Nchini Marekani na Kanada kesi nzito za jinai huamuliwa na baraza la wananchi wanaorudi na neno moja au mawili, bila kueleza sababu. Kiongozi wa huko anayelalamika gizani ana udhuru kidogo, kwa sababu hakuna maandishi ya kusoma. Kwetu sivyo. Jaji au hakimu anatakiwa na sheria aandike hoja zilizobishaniwa, uamuzi wake juu ya kila hoja, na sababu za uamuzi huo. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani huwekwa kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ambako mtu yeyote anazisoma bila malipo. Ni kweli kwamba nyingi bado zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa sheria ilirekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Ikiwa ndivyo, mtafute wakili akae nawe saa moja. Mara nyingi utakuta kwamba kilichoiangusha kesi si huruma ya jaji wala "mkono mrefu" unaotajwa barazani, bali ni kielelezo ambacho hakuna aliyeweza kueleza kilipita mikononi mwa nani tangu kilipokamatwa hadi kilipofikishwa mahakamani, au utambuzi uliofanywa usiku bila shahidi kueleza mwanga ulitoka wapi na alimtazama mtu huyo kwa muda gani. Kiongozi aliyesoma kurasa hizo huzungumza tofauti kabisa na yule ambaye hakuzisoma, hata wakitumia maneno yaleyale.

Jambo la tatu ni saa ya rufani. Aliyetiwa hatiani katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi hutoa kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10, na rufani yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, kusudio hutolewa ndani ya siku 30. Upande wa Jamhuri, yaani waendesha mashtaka, nao unayo haki ya kukata rufani, jambo ambalo wananchi wengi hawalijui. Maana yake ni kwamba siku ambayo kila mtu anadhani jambo limekwisha ndiyo siku ambayo jambo liko wazi tena, na Kanuni ya Adhabu inalo kosa la kusema au kuandika, wakati shauri linaendelea, maneno yanayolipotosha au yanayoweza kumwegemeza mtu upande mmoja. Mbunge asijifariji sana kwa uhuru wa majadiliano ulio katika Ibara ya 100 ya Katiba. Uhuru huo unamfuata Bungeni, haumfuati kwenye viwanja vya Tangamano, na hata Bungeni Kanuni za Kudumu zinamkataza kuzungumzia jambo linalosubiri uamuzi wa mahakama.

Waliojikwaa kabla yetu

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na katika jambo hili waliojikwaa ulimi ni watu wakubwa. Tarehe 3 Agosti 1970, Rais Richard Nixon wa Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa mwanasheria, alisema mjini Denver kwamba Charles Manson, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya watu kadhaa, alikuwa na hatia, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, wakati kesi ya Manson ingali inasikilizwa Los Angeles. Ikulu ilitoa ufafanuzi siku ileile, lakini kesho yake Manson alisimama mahakamani akiwa ameinua gazeti lenye kichwa cha habari kuhusu maneno ya Rais, ili wale watakaoamua kesi wakione. Mawakili wake waliomba kesi ivunjwe. Jaji alikataa, na hatia ilipatikana mwaka uliofuata, lakini kesi iliyokuwa imegharimu miezi ya kazi ilikaribia kupotea kwa sentensi moja ya mtu ambaye hakuwa shahidi.

Karibu miaka 51 baadaye, mwezi Aprili 2021, mbunge wa Marekani Maxine Waters aliwaambia waandamanaji wa Minnesota wazidishe makabiliano iwapo polisi Derek Chauvin hatatiwa hatiani kwa kifo cha George Floyd, mtu mweusi aliyefia mikononi mwake. Jaji Peter Cahill alikataa kuivunja kesi, ila alisema wazi kwamba huenda mbunge huyo amewapa mawakili wa utetezi hoja ya kwenda nayo rufani. Nakuomba uutazame mfano huu kwa makini, kwa sababu ndio unaotufanana zaidi: Waters alikuwa upande wa familia ya marehemu, na kwa maneno yake karibu awape silaha wapinzani wa familia hiyo.

Mfano wa Kanada una utata zaidi, nami sikubaliani na wanaoulaumu upande mmoja tu. Tarehe 9 Februari 2018, mkulima Gerald Stanley aliachiwa huru kwa kifo cha Colten Boushie, kijana wa jamii ya wenyeji wa asili, katika jimbo la Saskatchewan. Waziri Mkuu Justin Trudeau alituma salamu za kuwafariji wafiwa, na Waziri wa Sheria Jody Wilson-Raybould akaandika kwamba kama nchi wanaweza na wanapaswa kufanya vizuri zaidi. Wanasheria na wanasiasa wa upinzani walisema huko ni kuilaumu hukumu wakati waendesha mashtaka hawajaamua kama watakata rufani. Mwezi uliofuata hao waendesha mashtaka walitangaza kuwa hawatakata. Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa kuwafariji wafiwa. Kosa lilikuwa saa, na cheo cha mwandishi, kwani Waziri wa Sheria ndiye pia Mwanasheria Mkuu wa Kanada. Lakini mwaka 2019 serikali hiyohiyo ilipitisha sheria iliyoondoa uwezo wa mawakili kumkataa mtu asikae kwenye baraza la kuamua kesi bila kutoa sababu, jambo lililolalamikiwa sana katika kesi ile. Hiyo ndiyo kauli ambayo mwanasiasa ana mamlaka nayo.

Rais Barack Obama, George Zimmerman alipoachiwa huru mwezi Julai 2013 kwa kifo cha Trayvon Martin, kijana mweusi aliyempiga risasi, alitoa kesho yake taarifa fupi ya maandishi akisema kuwa nchi yao inaongozwa na sheria na kwamba waamuzi wamekwisha kusema. Siku tano baadaye ndipo aliposimama mbele ya waandishi, akaeleza namna watu weusi wanavyoliona jambo hilo kwa yale waliyoyapitia. Huo utaratibu wa kauli mbili, ya kwanza fupi na ya pili yenye moyo, nimeuiga mara nyingi.

Kuiandika kauli

Kauli ya siku ya kwanza isizidi sentensi sita. Isitaje ushahidi, isimtaje shahidi, na isimwite mtu "muuaji" wala "aliyesingiziwa". "Mshtakiwa" linatosha kabla ya hukumu, na "aliyetiwa hatiani" au "aliyeachiwa huru" linatosha baada yake. Ikiwa kesi ni ya kosa la kujamiiana, acha majina yote, hata kama mtaa mzima unayajua, kwa sababu sheria imeagiza ushahidi wa kesi hizo usikilizwe faragha na usichapishwe, na mtoto atakayeishi na jina hilo Makorora au Pongwe hakukuomba umtangaze. Tuseme diwani anazungumzia kijana aliyeuawa kata yake. Ningemwandikia hivi:

"Mahakama Kuu leo imetoa hukumu katika shauri la kifo cha kijana wetu. Wazazi wake wamempoteza mtoto, na hakuna hukumu inayoondoa msiba huo. Nimewatembelea na nitaendelea kuwa nao. Upande usioridhika unayo haki ya kukata rufani, na kwa sababu hiyo sitazungumzia ushahidi. Nawaomba wananchi wenzangu wasimguse mtu yeyote, wala nyumba, wala duka la familia yoyote inayohusika. Giza la njia ile na ulinzi wa mtaa ni mambo yaliyo chini ya uwezo wetu, nami nitayapeleka kwenye Baraza la Madiwani."

Mheshimiwa atalalamika kwamba kauli hiyo ni baridi. Mwache alalamike, kisha mwombe aisome tena akijiweka mahali pa mama wa marehemu, halafu mahali pa mama wa mshtakiwa, kwa sababu wote wawili wanaishi katika kata yake na wote wawili wana kura. Joto alitafutie mahali pengine: aende matangani, akae mkekani, asikilize, asiende na mpiga picha. Akipewa kipaza sauti baada ya swala ya Ijumaa au mwisho wa hitma, aombe dua na kushukuru, basi. Sehemu hizo ndizo zenye hatari kuliko mkutano wa hadhara, kwa kuwa pale mtu huzungumza kwa uchungu wa kweli, na simu zinazorekodi hazionekani.

Malalamiko yana milango yake

Kuna wakati umesoma hukumu yote na bado unaona kuna jambo limeharibika, na sikuambii unyamaze. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa uhuru wa maoni, na hukumu iliyotolewa inaweza kukosolewa kwa hoja za kisheria. Ninachosema ni kwamba kila lalamiko lina mlango wake. Upelelezi mbovu ni jambo la polisi na la Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Ikiwa hukumu ina kasoro ya kisheria, ni rufani. Mwenendo wa hakimu, kama vile madai ya rushwa, huenda kwenye kamati za maadili za mkoa na wilaya zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011, na hapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya waniwie radhi, kwa maana wao ndio wenyeviti wa kamati hizo: mwenyekiti aliyekwisha kumtukana hakimu jukwaani ataketije kumsikiliza?

Ni haohao pia wanaoshawishika kuitumia Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, inayowaruhusu kuamuru mtu awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48. Mamlaka hayo ni ya kuzuia uhalifu na uvunjifu wa amani. Hayakuwekwa ili mtu aliyeachiwa asubuhi alale rumande usiku kwa kuwa mji umekasirika. Ikiwa anahitaji kulindwa, alindwe kwa hiari yake.

Kuna mlango mmoja wa mwisho, na ufunguo wake anao mtu mmoja. Mwanamuziki Nguza Viking, maarufu kama Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa makosa ya kuwabaka watoto. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia huru wanawe wengine wawili waliohukumiwa pamoja nao, na kifungo cha baba na Papii kikabaki. Na tarehe 9 Desemba 2017 Rais John Magufuli akatangaza msamaha wao kwa mamlaka ya Ibara ya 45. Wako walioshangilia na wako walioumia, na pande zote mbili walikuwepo hapa Tanga. Diwani anayeulizwa kuhusu msamaha wa namna hiyo ajue kwamba si uamuzi wa mahakama, wala hausemi kwamba mahakama ilikosea, na kabla ya kushangilia hadharani akumbuke kuwa kulikuwa na watoto waliotoa ushahidi.

Kauli ikishatoka, ihifadhi kwenye faili pamoja na tarehe, namba ya shauri na nakala ya hukumu. Andika kwenye kalenda siku ya mwisho ya kutoa kusudio la rufani, na siku hiyo ikifika nenda masjala ukaulize, kwa sababu simu zitaanza kuita tena.